Waliolimia Mguu wa Ng'ombe

Kunja uso upendavyo, Baba Sayi, lakini utanisikiliza. Sijafungua hata kinywa, wewe umeshatikisa kichwa kama mbuzi aliyeona mvua. Unasema moyoni: huyu bibi kaishia darasa la saba, mpira wa kikapu ataujulia wapi? Naujulia hapahapa, kwenye chuo hiki cha binti zenu, ambako nafua jezi zao mwaka wa kumi na moja sasa. Namjua anayetoka jasho na namjua anayerudisha jezi kavu. Kwa hiyo usinibishie neno ambalo bado sijalisema.

Mmekaa hapa, wazazi wazima, kutia sahihi barua. Barua inataka chuo cha mjini kitolewe kwenye mashindano ya vyuo vya wanawake, kwa sababu kimechukua kombe miaka saba mfululizo, na mwaka jana kilitufunga tisini na moja kwa thelathini na nne. Mnasema kinaua mchezo. Mnasema kila msichana mrefu anakimbilia kwao. Jumamosi tunacheza nao, nanyi mnataka Jumamosi hiyo isiwepo. Mjukuu wangu Ng'washi yuko mwaka wa mwisho. Hana Jumamosi nyingine. Basi tulieni.

Mjane mmoja alikuwa na shamba kubwa la mbuga, udongo mweusi mtupu. Udongo ule una siku zake. Ukiuwahi baada ya mvua ya kwanza, unalimika. Mvua ya pili ikiukuta haujaguswa, unakuwa tope la kunasa ng'ombe, na mwaka umekwisha. Kwa hiyo kila mwaka mjane aliwaita wanawake wa vijiji vitatu, Igumbe, Sanjo na Malita, majembe ishirini kila kijiji, walimalize shamba kwa siku moja. Kila kijiji kilipimiwa ngwe yake. Walianza pamoja upande wa mashariki, kwa nyimbo, na mwisho wa ngwe ulikuwa upande wa pili, kwenye uzio wa minyaa. Hapo mjane alichinja ng'ombe. Waliofika kwanza walipewa kidari. Wa pili walipewa mguu. Wa mwisho walipewa utumbo, na utumbo ule waliusafisha wenyewe.

Igumbe walifika kwanza. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa saba. Hawakuwa na dawa yoyote. Walinoa majembe tangu kiangazi, waliingia shambani umande ukiwapo, na mmoja akipungua nguvu, aliye jirani yake alimlimia kipande bila kuambiwa. Wakishafika walijitupa kivulini na kuwapigia wenzao kelele: "Enyi Sanjo! Mmekuja kulima au mmekuja kuota mizizi?" Watu walitoka mbali kuja kusimama kwenye kichuguu na kutazama. Hawakuja kuona Igumbe wakishinda, hilo walilijua kabla hawajatoka kwao. Walikuja wasije wakaikosa siku ambayo Igumbe watashindwa.

Ikawa kila msichana mwenye mkono wa jembe anataka kuolewa Igumbe. Mmoja wao alikuwa Milembe, mzaliwa wa Sanjo. Alilima kama anayekunjua mkeka. Akaolewa Igumbe. Lakini Igumbe walikuwa na mikono yao ishirini tayari, na ngwe haiingizi wa ishirini na moja. Milembe akapewa kibuyu cha maji. Miaka mitatu aliwanywesha wanaolima, na kila mwaka akala kidari pamoja nao.

Huko Sanjo kikaingia kitu kibaya kuliko kushindwa. Miaka ya mwanzo walirudi nyumbani wakilia kwa hasira. Kisha wakaacha kulia. Wakaacha hata kuwatazama Igumbe, macho yao yakawa kwa Malita. Malita wakisimama kunywa maji, na wao wanasimama. Malita wakiongeza mwendo, na wao wanaongeza, kiasi tu cha kuwatangulia. Walikuwa wanalimia mguu wa ng'ombe. Ukiwauliza walikujibu, "Mguu nao ni nyama." Neno hilo wakawafundisha binti zao kabla hawajawafundisha kushika mpini.

Mwaka wa nane wakamwendea mjane. Wakamwambia, "Mama, usiwaite Igumbe. Wanatuvunja moyo, shamba limekosa raha." Mjane akawahurumia. Mahali pa Igumbe akawaita wanawake wa Nhobola, majembe ishirini vilevile, kwa hiyo msije mkaniambia kwamba mikono ilipungua. Siku hiyo raha ilikuwepo kweli. Walipumzika mara nne. Walisubiriana. Waliambiana pole. Pale kwenye kichuguu hakusimama mtu hata mmoja. Sanjo wakafika kwanza, jua likizama, wakati miaka yote hata wa mwisho walikuwa wakimaliza mchana kweupe. Maana aliye mbele, hata ukimchukia, anakukokota. Malita na Nhobola hawakufika kabisa.

Alfajiri mvua ya pili ikanyesha. Theluthi ya shamba ikabaki tope, na mwaka ule wajukuu wa mjane walikula uji mara moja kwa siku. Sanjo walikila kidari chao. Sijapata kumsikia mtu akikisimulia.

Mwaka wa tisa mjane akawaita Igumbe tena, na Malita, na Sanjo. Hakumwomba mtu radhi. Sanjo wakaja vichwa chini, majembe kumi na tisa, mwenzao mmoja alikuwa anaumwa. Wakapanga mstari. Ndipo Milembe akakiweka kibuyu chini mbele ya watu wa mume wake, akachukua jembe, akavuka na kusimama kwenye nafasi iliyo wazi. Desturi inamruhusu mwanamke kulima upande wa mama yake, lakini hakuna aliyewahi kuuacha upande wa kidari akaitumia. Igumbe wakaangua kicheko. Mmoja akamwita, "Wifi! Huko utasafisha utumbo!"

Milembe akamjibu: "Nitausafisha, wifi. Kidari chenu nimekila miaka mitatu na sijakilimia hata siku moja."

Wakaanza. Milembe hakuwatazama Malita. Alilima macho yakiwa kwa yule aliye mbele yake, basi. Walipofika katikati, dada mmoja wa Sanjo akamnong'oneza apunguze, Malita wako nyuma sana, mguu ni wa Sanjo tayari. Milembe aliendelea kulima. Aliyekuwa kulia kwake akaona aibu kuachwa, akaongeza. Wa kushoto naye akaongeza. Aibu ikapita kwenye mstari mzima kama moto kwenye nyasi kavu, na nyimbo zikakatika kwa sababu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuimba. Na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, Igumbe waligeuza shingo kuangalia nyuma.

Nani alifika kwanza? Igumbe. Mlitaka niwadanganye? Lakini walifika wakihema, wakiwatangulia Sanjo kwa hatua nne tu, na kivulini hakuna aliyefungua mdomo kumkejeli mtu. Malita nao, kwa kukimbizana na wa pili aliyekuwa anakimbia kweli, walifika kabla jua halijasimama utosini. Shamba lote likawa jeusi kutoka mwisho hadi mwisho. Mvua ilipokuja ilikuta limelimwa. Sanjo walipewa mguu, mguu uleule wa siku zote, wakaula wamenuna. Nami nawaambia, kununa kule kulikuwa na thamani kuliko kidari cha mwaka uliotangulia. Kesho yake, kabla hata mikono haijapona malengelenge, waliomba jiwe la kunolea.

Igumbe nao wana lao. Anayekusanya mikono mizuri ya vijiji vyote halafu akaipa vibuyu, ajue vibuyu vina miguu. Na ajue kwamba mwenye kukimbia peke yake, siku moja atasahau kukimbia. Lakini hilo ni la kuwaambia wao, kwenye kikao chao, na wakiniita nitakwenda kuwaambia. Hapa niko kwenu.

Mama Kwandu, usifute machozi, hapa hakuna msiba. Binti yako anakaba vizuri kuliko wote na anacheza robo mbili tu kwa sababu mwalimu wao anamtunzia mechi ya wale wanaofungika. Anasema dhidi ya wale wa mjini haina maana kumchosha. Mnaisikia hiyo? Miaka saba hatujafungwa na chuo cha mjini. Tumefungwa huku ndani, kabla basi halijawashwa. Wasichana wetu wanaingia uwanjani wanahesabu watafungwa ngapi, badala ya kuhesabu watafunga ngapi, na hesabu hiyo hawakuzaliwa nayo. Waliikuta kwetu, mezani, tukiwatilia ugali.

Jumamosi watapigwa? Pengine watapigwa. Ng'washi ameniambia mwenyewe anajua, na kila asubuhi nikitoka namkuta uwanjani peke yake anarusha mpira kwenye kikapu kisicho na wavu. Hajaniomba nimfutie hao wa mjini. Ameniomba nimpashie maji ya kukanda goti.

Haya. Karatasi yenu iko mezani na kalamu iko kwa mwenyekiti. Jina langu halitaingia humo. Kabla hamjatia yenu, mwulizeni mtoto mmoja mmoja swali hili: tukishamwondoa aliye mbele, ninyi mtamkimbiza nani?

Msinijibu mimi. Wala asinifuate mtu nje kunieleza, maelezo nimeyasikia miaka saba. Natoka, na mlango naufunga.