Mtandio wa Bi Lubaba

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa kale, pembezoni mwa jangwa, alikuwako paka wa kijivu ambaye hakuwahi kuguswa na mkono wa mwanadamu. Siku alipofariki Bi Lubaba, mama mwema aliyekuwa akimlisha, paka yule aliliandama jeneza mpaka lango la makaburini, akakaa hapo hadi mtu wa mwisho alipoondoka. Nani alimjulisha kwamba aliyebebwa ni yeye? Nimewauliza walionipokeza kisa hiki, na kila mmoja ameniambia: Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Nami nimekomea hapo.

Bi Lubaba alimwacha mumewe, Ubaidi bin Salit, mshona matandiko ya ngamia, mtu wa swala na maneno machache. Hawakujaaliwa mtoto. Nguo za marehemu mkewe, Ubaidi alizitoa sadaka, isipokuwa mtandio mmoja, alioufungia sandukuni kwa kuwa ulikuwa bado unanukia udi na jasho la mwenyewe. Kila Ijumaa aliinua kifuniko kidogo tu, kama afunuaye chungu akichelea mvuke kwisha, akavuta pumzi, akafunga. Shemeji yake, Bi Umayma, alipokuja kuomba kumbukumbu ya dada yake, alimjibu, "Zote nimezitoa. Hakuna kilichobaki." Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Mwenye kiu jangwani huweza kuficha kiriba hata mbele ya nduguye.

Paka wa kijivu alikuwa na watoto watatu ghalani mwa Ubaidi, nyuma ya majani makavu ya kujazia matandiko. Siku moja akatoka kuwinda, asirudi. Watoto wakabaki peke yao, macho yamegandana kwa usaha, na wakali ajabu. Ubaidi akakumbuka maneno ya mwisho ya mkewe: "Paka wangu, Ubaidi, usiwasahau." Naye alikuwa ameitikia. Basi akawapa maziwa ya ng'ombe, wakaharisha. Akataka kuwashika awasafishe macho, wakamrarua mikono.

Bi Umayma alipomletea chakula, akaiona mikono ile.

"Shemeji, umepigana mieleka na miiba?"

"Watoto wa paka wa dada yako."

"Unawavamia kama askari wa liwali, halafu wataka wakupende!" Akacheka, akachungulia ghalani, na kicheko kikakatika. "Huyu mdogo akiachwa hivi atapofuka. Na hayo maziwa mwaga. Dada alikuwa akimpa mama yao mchuzi wa nyama usio na chumvi. Wala hakumkimbiza hata siku moja. Alitandika mtandio wake chini, akakaa kando, akampa mgongo. Hawa walianza kunyonya juu ya mtandio ule, kabla dada hajazidiwa. Laiti usingeutoa!"

Ubaidi akainamisha kichwa. Akiuleta, uongo wake utakuwa wazi, na ile harufu, kitu pekee kilichombakia cha Lubaba, itaishia mavumbini. Asipouleta, mtoto wa paka atapoteza macho, na ahadi aliyompa marehemu itakuwa imevunjika.

Akaingia chumbani. Akakawia. Aliporudi alikuwa ameukumbatia mtandio.

"Nilikudanganya, Umayma. Niwie radhi."

Bi Umayma akaupokea, akafunika uso wake nao, mabega yakatikisika. Alipotulia akamrudishia. "Tandika wewe. Mimi sitaweza."

Akautandika. Tangu hapo, kila baada ya swala ya Alasiri, Ubaidi alikaa ghalani akiwa amewapa watoto mgongo, akisoma nyuradi zake kwa sauti ya chini, bila kugeuka. Siku za mwanzo hakusikia kitu. Kisha alisikia majani yakichakacha. Kisha bakuli la mchuzi likilambwa. Hatimaye mdogo akaja kulala juu ya mtandio, na alipozoea mkono, Bi Umayma akamwosha macho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa pamba safi, asubuhi na jioni, mpaka yakafumbuka. Wenzake wakafuata.

Jioni moja mdogo yule akapanda mapajani mwa Ubaidi. Ubaidi akainama, na katika manyoya ya mgongo wake akakuta udi, hafifu, kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Akalia kama siku ya maziko.

Watoto walipopona, mtandio ulinuka paka tu. Ubaidi akampelekea Bi Umayma.

"Chukua, ni haki yako. Lakini yeye hayumo tena."

"Basi mtandio usirudi sandukuni," akasema Bi Umayma. "Kila paka atakayezaa ghalani mwako, utandikwe."

"Na nikifa?"

"Nitatandika mimi."

Enyi ndugu, tulichoachiwa na tuwapendao hupungua tukikitumia, na hupungua vilevile tukikificha. Waja wema waliijua tofauti iliyopo kati ya kupungua huku na kule, wala kuijua hakukuwaondolea shauku. Husemwa kwamba Ubaidi, mpaka uzeeni, kila Ijumaa aliinua kidogo kifuniko cha sanduku lililo tupu.

Alipofariki alizikwa ubavuni mwa Lubaba. Msimu ule paka akazaa ghalani. Bi Umayma akaenda, akautandika mtandio juu ya majani, akakaa kando, akawapa mgongo.