Siku Neno Soon Lilipoachia Kamba

Hili neno soon mnaloletewa kwenye imeli za kazi mlizoomba, "tutakupigia soon", halikuzaliwa limelegea hivi. Kaeni vizuri niwaambie lilikotoka, maana tumekaa madarasani miaka kumi na sita na hakuna mwalimu aliyetuonya.

Zamani sana, Waingereza walipokuwa bado hawajui hata njia ya kuja kwetu, walikuwa wakulima wa kawaida tu, wenye matope magotini. Neno hilo walilitamka sona, na maana yake ilikuwa sasa hivi. Not kesho, not after lunch. Aliyesema sona, mikono yake ilikuwa kazini kabla mdomo haujafungwa.

Waliolitegemea kuliko wote ni wachimba visima. Mchimbaji alishuka amefungwa kamba kifuani, akikanyaga vitundu alivyovichonga ukutani. Akitaka kupanda, aliita. Mshika kamba akajibu "sona", na papo hapo yule wa chini akachomoa miguu na kujiachia mzima mzima. Udongo wa kule ulikuwa wa kumeguka. Ukivutwa huku bado umekanyaga ukuta, ukuta unakufuata. Basi neno likishatoka, mtu alikabidhi uzito wake wote, na halikuwahi kumwangusha yeyote.

Asubuhi moja Osric alikuwa chini, shemeji yake Wulfric ameshika kamba juu. Edith, mke wa Osric na dada yake Wulfric, alikuwa amekwenda kumwaga udongo. Maji yakapasua chini ya kisima. Osric akaita.

Saa hiyohiyo bwana mwenye ardhi alikuwa amesimama pale juu, anasimulia habari ndefu za farasi wake. Wulfric alikuwa anautaka usimamizi wa visima, na anayetaka cheo hamkatizi bosi. You know the type. Akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa upole, "Sona, shemeji," kisha akaendelea kutabasamu. Mikono ikabaki legelege.

Kule chini Osric alichomoa miguu, akatumbukia majini hadi kifuani. Alivuta kamba, ikaja tu, ikazidi kuja. Alitafuta vitundu kwa vidole, udongo ukabaki mkononi kama uji. Mwanga wa juu ulikuwa mdogo kama kifungo cha shati. Akaita tena, akajibiwa tena, sauti ileile tamu. Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli. Maji aliyazoea. Asichokizoea ni kulisikia neno lile, kusubiri, na kisitokee kitu.

Edith aliporudi na kapu tupu alikuta wito wa tatu unatoka kisimani, nao ulikuwa na maji ndani yake. Alimsukuma kaka yake kando, akaishika kamba mwenyewe, akavuta mpaka viganja vyake vikachanika. Alimtoa Osric akiwa maiti.

Mbele ya kijiji kizima Edith alimuuliza Wulfric jambo moja tu. "Ulimwambia sona?"

"Nilimwambia, dada. Na ningemvuta. Nilikuwa namalizia kumsikiliza mkubwa."

Mkubwa naye, ambaye hadithi ya farasi ilikuwa yake, alikata shauri haraka: Wulfric hakukosea, neno lilitamkwa, hakuna mahali palipoandikwa kwamba liwe na haraka kiasi hicho. Case closed. Mwezi uliofuata Wulfric akapewa usimamizi.

Na tangu siku hiyo neno likawa la baadaye, na wanaolipenda ni wenye kushika kamba. Wachimbaji wa kule walijifunza: hakuna anayechomoa mguu hadi kamba imkaze kifuani. Sisi ndio bado. Tunaambiwa soon, tunafunga kibanda cha chipsi, tunarudisha funguo za chumba, tunakaa na simu mapajani, volume ya mwisho.

Kabla hujaisoma ile imeli tena, papasa ukuta. Miguu yako iko wapi?