Mikono ya Namsifu

Mlezi hujulikana kabla ya kupokea mwana. Mmemsikia mama yenu akiyasema haya leo, anapowaza nani amwachie mtoto, nanyi mkaniuliza yametoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Upare palikuwa na kijiji ambacho kila mwanamke wake alikuwa mfinyanzi. Hapo Nakijwa alijifungua mtoto njiti, wa miezi saba. Kiumbe chenyewe kingeenea kwenye kata ya kuchotea maji, na ngozi yake nyembamba ilionyesha kila mshipa. Nakijwa alimlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunga kwa kaniki. Kutwa alitazama jinsi pumzi ndogo namna ile ilivyoinua nguo na kuishusha, akastaajabu.

Lakini mvua zilikaribia. Vyungu visipochomwa kabla ya mvua, hakuna cha kubadilisha na mahindi kule gulioni. Na mkono wa udongo ni wa baridi, haufai kumgusa njiti. Ilibidi apatikane wa kumkumbatia mchana.

Mama mkwe alimsifia Nambike, aliyelea wengi, hodari wa nyimbo za kubembeleza. Nambike akaja kutoka shimo la udongo, akanawa mtoni kama ilivyo desturi ya wafinyanzi, akanyoosha mikono.

"Nipe mjukuu wangu."

Vidole vyake vya baridi vilipomgusa mgongoni, mtoto akashtuka, kisha kimya. Midomo ikageuka buluu. Nakijwa akamrudisha kifuani upesi, akamkumbatia mpaka rangi ilipomrudia mtoto.

Ndipo akaja Namsifu, mjane asiye na mtoto. Mama mkwe alinong'ona kwamba huyu hajalea hata kifaranga. Namsifu alinawa, akajifuta vizuri hadi katikati ya vidole, akaketi karibu na mlango, akaingiza mikono kwapani. Akatulia hivyo, macho kwa mtoto.

"Shoga, umekuja kulea au kujikumbatia?" Nambike akamtania.

"Bado kidogo, dada. Mikono yangu ingali ya vyungu."

Nakijwa alisikia, moyo ukamtulia. Namsifu alijigusa shavu kwa mgongo wa mkono kupima joto, akajigusa kope pia, akarudisha mikono kwapani. Alipojigusa tena akaridhika, akalegeza nguo kifuani. Nakijwa akafungua kaniki.

Mtoto alitoka kifua kimoja akaingia kingine, na usingizi wake haukukatika. Alichezesha midomo tu, kama anayeota ziwa la mama. Nambike aliziba mdomo kwa kiganja.

"Hata hajui kwamba amehama," mama mkwe akasema polepole. "Nenda ukafinyange, mwanangu."

Nakijwa akaenda. Mvua zilipoanza, vyungu vilikuwa vimekwisha kuchomwa, na mtoto alikuwa amejaza mashavu. Tangu hapo, wanawake wa milima ile wakitafuta wa kuwaachia watoto, hawaulizi amelea wangapi. Hukaa wakatazama anavyojiandaa, maana mlezi hujulikana kabla ya kupokea mwana.