Namna Maumivu Alivyofundishwa Kupiga Hodi

Zamani, miili ya watu ilipokuwa haina mlango, Maumivu alikuwa mjumbe asiyebisha hodi. Alipanda kwa njia moja tu: kutoka unyayoni hadi gotini, akapita kiunoni na mgongoni, akaingia kichwani. Humo alikaa atakavyo, na hakuna aliyethubutu kumtoa.

Siku hizo, kando ya mto Malagarasi, wanawake walipika chumvi. Desturi iliwataka wapige magoti mbele ya vyungu vyao tangu maji yaanze kutokota hadi chumvi ishikamane. Aliyeinuka kabla ya hapo alinyang'anywa jiko, na jiko hilo akapewa mwingine. Kasinde alikuwa amerithi jiko la marehemu mama yake, na sasa goti lake la kulia lilikuwa limevimba hata halikunjiki vizuri.

"Inuka tu, mwanangu," mavyaa wake, Bi Nambela, alimwambia. "Goti hilo limekwisha kuaga. Wifi yako yuko tayari kulichukua jiko."

"Mama, goti ni langu na jiko ni langu. Sijasikia lolote likiaga."

Lakini kabla ya kubandika chungu cha mchana, alichechemea hadi mtoni, asije akaonekana analia. Alipotia mguu majini, alimkanyaga kambare mnene aliyekuwa amemeza cheche ya radi. Mguu mzima ukatetemeka.

"Niwie radhi, nimekukanyaga."

"Na bado hujashuka," alisema kambare. "Wenzako hukimbia."

"Wenzangu wana magoti mawili."

Mtetemo ulipanda kwa njia ileile ya Maumivu, tena kwa kasi kumshinda. Ulipofika mgongoni ukaziba njia, ukajaa kama watu mlangoni pa harusi. Maumivu alipowasili hakupata pa kupenyeza hata kidole.

"Nipisheni. Mimi ni mwenyeji humu."

"Ulikuwa," alijibu Kasinde. "Leo piga hodi, kama wageni wengine."

Alirudi jikoni, akapiga magoti. Goti lilikuwa limevimba vilevile, ila kichwa hakikupata habari zake. Mtetemo ulilinda mlango kwa muda wa chungu kimoja, si zaidi, na chungu hicho kilitosha. Chumvi ilishikamana, naye hajainuka.

Bi Nambela aliitazama chumvi ile, akajishika nyonga. "Huyo samaki wako," aliuliza kwa sauti ya chini, "yuko upande gani wa mto?"

Kesho yake walikwenda wawili, mtondo wakawa kumi, kila mmoja na unyayo wake juu ya mgongo wa kambare.

Na tangu siku hiyo kambare yule hana pezi mgongoni, maana nyayo zililisaga likaisha. Mtetemo wake huwatuliza wengine, wengine hauwafai kitu. Maumivu naye hajafa. Mtetemo ukiondoka, hurudi. Lakini husimama nje, akabisha, na mwenye mwili humwacha angoje.