Pelele Aliyeita Dunia

"Bingwa wa dunia? Dunia gani hiyo?" Nyani alisema, huku ameshika mbavu kwa kicheko.

"Dunia hii hii unayoikanyaga!" Kidawa akajibu, manyoya ya shingo yamemsimama.

"Vilima vitatu ndiyo dunia?"

"Usiniguse taji langu!"

"Nani kaligusa? Limekupwaya lenyewe!"

– Dada, ngoja! Umeanza katikati! Hujatuita!

Kweli, jamani. Ugomvi umenitangulia mdomoni. Haya, Paukwa!

– Pakawa!

Wa nyuma hawajasikia. Paukwa!

– Pakawaaa!

Hapo kale, kale ambayo bibi yake bibi hakuiwahi, kulikuwa na vilima vitatu vya mawe. Katika mawe hayo walikaa pelele, wanyama wadogo, wanene, wasio na mkia wa kujivunia. Pelele walikuwa na mchezo wao, mdako. Unarusha kokwa ya ukwaju juu, unachota nyingine shimoni, kisha unaidaka ile ya juu kabla haijaanguka.

– Hata sisi tunacheza!

Ninyi mnacheza. Wakati ule walicheza pelele peke yao. Kila mwaka walishindana ndani ya pango, na mshindi alivishwa taji la ukindu, akaitwa Bingwa wa Dunia. Zamani taji hilo lilivaliwa na Bibi Sichana. Mwaka huo lilivaliwa na mjukuu wake, Kidawa, na bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kokwa kwa kokwa, mpaka vidole vikaota sugu.

Sasa Nyani ndiye aliyetunza majina ya pori zima. Nani aitwe mfalme, nani aitwe mganga, yote yalipita kwake. Akamwambia Kidawa, "Mpira wa makuti unachezwa na pori lote. Huo una bingwa wa dunia. Wewe uitwe bingwa wa mawe."

"Sikubali!"

"Basi nakupa siku tatu. Akija kucheza hata mmoja asiye pelele kabla jua halijazama siku ya tatu, jina ni lako. Asipokuja mtu, nakuvua taji, na jina la bibi yako nalifuta pia."

Kidawa akashtuka. Lake alikuwa tayari kulipigania. Lakini la bibi? Bibi ambaye siku hizi hakuwa na kitu kingine cha kusimulia?

Siku ya kwanza, akashuka mpaka kwenye shamba la mtama. Akamkuta Kanga anadonoa.

"Shikamoo, Mama Kanga."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona hamji kucheza mdako kwetu?"

Kanga akainua shingo. "Tumeitwa lini?"

"Tunaita kila mwaka! Mara tatu! Ndiyo mila yetu. Hatugusi kokwa kabla hatujaiita dunia."

"Sijasikia hata mara moja."

"Basi njoo kesho."

"Aka! Leo mna shida ndiyo mnanikumbuka? Nitakuja siku nitakayoitwa pamoja na wenzangu. Siji kuziba pengo." Akarudi kwenye mtama wake.

Siku ya pili, Kidawa akaenda mpaka kwenye shimo la Nungunungu.

"Mjomba, mbona hamji kucheza mdako kwetu?"

Nungunungu akatoa pua tu. Mnajua alisemaje?

– Tumeitwa lini!

Ehee! "Tumeitwa lini?" Akarudisha pua ndani.

Siku ya tatu, asubuhi, Kidawa akashuka kisimani chini ya kilima. Akamkuta Mzee Kobe anakunywa maji, taratibu, kama anayahesabu.

"Shikamoo, babu. Mbona huji kucheza mdako kwetu?"

– Kobe hana vidole!

Kobe naye alisema hivyo hivyo. "Vidole sina, ila mdomo ninao, ningedakia mdomo. Lakini, mjukuu wangu, nimeitwa lini? Mimi nakaa chini ya mlango wenu. Kila mwaka nasikia jiwe linaviringishwa, mlango unafungwa gu! Halafu ndani kunavuma, mmm, mmm, mmm, kama nyuki mzingani. Mimi huwa nadhani mna msiba. Huwa nawaombea."

Moyo wa Kidawa ukashuka mpaka kwenye nyayo.

Kwa maana ni kweli. Pelele wanamwogopa Tai kuliko kitu chochote. Siku ya mashindano wanajaa pangoni wote, kwa hiyo kwanza wanafunga mlango kwa jiwe, wanakagua kama kuna ufa, ndipo wanasimama kwa heshima na kuimba:

*Dunia, dunia, njoo udake,*
*kokwa ziko tayari!*

Mara tatu. Kisha wananyamaza kidogo, wanasema, "Dunia haikuja," wanaanza kucheza.

– Walikuwa wanaliimbia jiwe!

Walikuwa wanaliimbia jiwe, Tunu. Miaka yote.

Kidawa hakuaga. Alikimbia kwa aibu mpaka kwa bibi yake, akamweleza. Bibi Sichana akakaa chini.

"Hata mimi," akasema. "Hata mwaka wangu mlango ulikuwa umefungwa." Akafuta macho. Kisha akasimama, akawakusanya pelele wote pangoni, nao kwa mazoea wakafunga mlango. "Ondoeni jiwe."

"Na Tai, bibi?"

"Nitakaa mlangoni nimtazame. Macho yangu ya mbali bado mazima. Nyie iteni."

Wakaondoa jiwe. Mwanga ukaingia pangoni, pelele wakasongamana kwa hofu. Bibi akakaa kizingitini peke yake, uso juu. Kidawa akasimama nyuma yake akaimba. Saidieni!

– *Dunia, dunia, njoo udake, kokwa ziko tayari!*

Mara tatu. Sauti ikateremka bondeni, ikapita mtama, ikapita shimo, ikapita kisima.

Wakangoja. Jua likapanda, hakuna mtu. Jua likashuka, hakuna mtu. Akaja Nyani, mkono tayari.

"Haya. Lete taji."

Kidawa akalivua mwenyewe. "Chukua, Bwana Nyani. Na asante."

"Asante ya nini? Nakunyang'anya!"

"Ya kunicheka. Usingenicheka, tungeimbia jiwe mpaka leo. Ungetuvua taji mwaka jana ungefanya haki kabisa, kwa sababu hatukumwita mtu. Leo tumeita. Asiyekuja, hakuja kwa hiari yake. Hata tukicheza wawili tu, mlango ulikuwa wazi kwa wote. Bibi, nakushukuru wewe pia. Umekaa juani kutwa nzima kwa ajili ya wimbo wetu."

Nyani akakuna kichwa. Akatazama taji, akatazama jua. Lilikuwa limebaki jembamba kama ukucha.

Hadithi yangu ningeikunja hapa, niwaambie tu kwamba jina kubwa halitaki umati, linataka mlango wazi, na niwashukuru kwa masikio yenu. Lakini Bibi Sichana aliinua mkono, akasema, "Nyamazeni." Kitu kilikuwa kinakwaruza mawe. Kwaru. Kwaru. Kilikuwa kinapanda tangu asubuhi.

"Hodi," ikasema sauti ya Mzee Kobe mlangoni, pumzi zikimpaa. "Nimesikia mnaita dunia. Nimekuja peke yangu. Natosha?"