Nafasi ya Asaad

Aflah alikuwa meneja wa timu ya mpira wa kikapu iliyofanya mazoezi katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Ghala, nyuma ya gereji. Timu haikuwa tajiri, lakini wachezaji wake walikuwa kama chanda na pete. Nguzo yao ilikuwa nahodha Asaad, aliyetoka mji wa Al Amerat, ng'ambo ya mlima, kila jioni, na hata mishahara ilipochelewa hakukosa mazoezi.

Msimu huo Aflah aliingiwa na uchu wa kombe. Akasikia habari za Loai, mchezaji kutoka Lebanoni, mrushaji aliyesifiwa kila pembe. Loai alitaka donge nono. Sheria ya ligi ilikuwa wazi: jumla ya mishahara ina kikomo, na timu inayokivuka hutozwa kodi ya anasa.

"Kodi hiyo silipi," alisema mwenye timu. "Ukimtaka Loai, mwache mtu."

Mwenye mshahara mkubwa wa kutosha kumwachia Loai nafasi alikuwa mmoja tu. Aflah akamwita Asaad ukumbini, akamwambia kuwa anaachwa.

"Ni hesabu tu, ndugu yangu. Si mimi."

"Hesabu nnazifahamu," Asaad alijibu taratibu. "Lakini ungenambia, wallahi, ningekubali kupunguziwa. Hukuniuliza."

Akampa mkono, akaondoka.

Loai aliwasha moto kweli, ukumbi ukafurika. Kisha klabu ya nchi jirani, ambako ligi haikuwa na kikomo, ikamwita. Mkataba ulimruhusu kwenda. Aflah mwenyewe, kwa pupa ya kumpata, aliliridhia sharti hilo. Loai akafunga virago. Waliobaki, waliokwisha kuona nahodha wao alivyotupwa, wakacheza bila moyo. Timu ikashuka daraja.

Aflah akaenda Al Amerat. Bi Masouda, mamake Asaad, alimkaribisha kwa kahawa na halua bila kumtolea neno baya, na ukarimu huo ukamchoma kuliko matusi.

"Rudi, Asaad. Nafasi ipo sasa."

"Nimeshawapa wengine ahadi yangu, Aflah. Siwezi kuwafanyia ulivyonifanyia mimi."

Akishuka mlima kwa gari, machozi yalimlengalenga Aflah. Hakuwa na wa kumlaumu. Mkono wake ndio uliomtoa rafiki yake ili ampokee mpita njia. Majuto yakamkaa moyoni, na kwake hayakuhitaji tena kufafanuliwa maneno ya wahenga: usiache mbachao kwa msala upitao.