Pini ya Shaba kwenye Ngazi ya Kanisa

Wahenga walitufundisha kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kikijikwaa huuma, hutoka damu, na baada ya muda hupona. Ulimi ukijikwaa, neno haliokotwi tena, na maumivu yake huwafikia hata wasiokuwepo liliposemwa. Wengi tumezoea kuwaambia methali hii wasengenyaji na wenye matusi. Lakini hata mtu mpole, msomi na mcha Mungu anaweza kujikwaa ulimi, tena kwa kusema jambo analoliamini kwa moyo wake wote. Ndivyo ilivyokaribia kumtokea Erana Hohepa wa Waipuia.

Waipuia ni mji mdogo ulio juu ya ardhi ya moto, katikati ya Kisiwa cha Kaskazini huko Nyuzilandi. Mvuke hutoka nyuma ya majiko ya watu. Jumapili akina mama wa Kimaori, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, huteremsha viazi vitamu na nyama ya kondoo kwenye masanduku yaliyojengwa juu ya mashimo ya mvuke, huenda zao ibadani, na wakirudi hukuta chakula kimeiva. Mvuke huohuo huvutwa kutoka chini kuendesha mitambo ya umeme. Matabaka laini yaliyo chini yakikauka hushikana, nayo ardhi ya juu hubonyea polepole kama godoro kuukuu.

Erana alizaliwa hapo, akasoma hadi akapata shahada ya udaktari katika jiolojia, na kazi yake ilikuwa kupima jinsi ardhi ya mji inavyoshuka. Kila mwaka alianza vipimo vyake kwenye pini ya shaba iliyopigiliwa katika ngazi ya kanisa la mawe. Mpimaji lazima awe na mahali pamoja asipopatilia shaka, ili apime pengine pote kutokea hapo. Kwa Erana mahali hapo palikuwa ile ngazi. Waliomfundisha kazi walianzia pale, naye akaanzia pale. Isitoshe, ndani ya kanisa hilo alibatizwa, na uani mwake babake alizikwa. Angepatiliaje shaka?

Mwaka huo wanajiolojia wa nchi za Pasifiki walifanya mkutano wao Waipuia, katika hoteli iliyo kando ya ziwa. Erana alipangiwa kuzungumza Jumatatu asubuhi. Mada yake ilikuwa imekwisha kuchapishwa katika ratiba: "Ardhi Iliyotulia: Kiwanja cha Kanisa la Waipuia." Neno "iliyotulia" lilikuwa likingojewa kwa hamu na watu wasiojua lolote kuhusu jiolojia. Katika kiwanja hicho, nyuma ya kanisa, palikusudiwa kujengwa nyumba za wazee. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Wikitoria, shangazi yake Erana, mjane asiyeyumbishwa. Aliapa kutotia saini mkataba mpaka amsikie mpwa wake ukumbini. Mjenzi alikubali kuja na kalamu yake wakati wa chai, mazungumzo yakiisha.

Shangazi alikuwa amekwisha kujichagulia nyumba ya mwisho, kando ya ukuta, mahali ambapo angeliona kaburi la mumewe akiwa anakunywa chai.

"Wengine wakiniambia ardhi ni nzima nitawacheka," alimwambia Erana. "Wewe ukisema, nafunga virago."

Jumapili, siku moja kabla ya mazungumzo, Erana alitoka ibadani mawazo yake yakiwa ukumbini. Alikuwa akirudia maneno yake kimoyomoyo kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani. Alipofika getini, mahali njia ya kanisa inapokutana na barabara, kidole gumba cha mguu kikagonga ukingo wa zege. Maumivu yakampanda hadi utosini. Alipotazama, ukucha ulikuwa umebanduka na damu imeilowesha kandambili.

Shangazi Wikitoria alikuwa nyuma yake, kofia kichwani na Biblia kwapani.

"Karibu chamani, mwanangu," alisema. "Zege hilo limetuonja sote. Mchungaji anasema linawakamata waliosinzia kwenye mahubiri."

"Sikusinzia, Shangazi."

"Basi ulikuwa unahesabu mawe yako. Ni kulekule."

Erana alicheka huku machozi yakimlengalenga. Alikaa kwenye ukingo uleule uliomuumiza, na Shangazi akamfunga kidole kwa kitambaa chake cha mkononi. Hapo ndipo Erana alipojiuliza mbona wakati wa kuingia hakujikwaa. Akapitisha kiganja kwenye ukingo. Upande wa barabara ulikuwa juu, na upande wa kanisa ulikuwa chini. Anayeingia hushuka bila kuhisi. Anayetoka ndiye anayegonga. Naye alikumbuka vizuri kuwa utotoni alipita hapo kwa baiskeli bila hata kutikisika.

Kicheko kikamkauka. Kwa miaka kadhaa vipimo vyake vilionyesha kuwa barabara inapanda kidogo kidogo, naye aliandika kwamba udongo wa mfinyanzi huvimba ukinywa maji ya mvua. Sasa aliona mambo yalivyo. Barabara haikupanda. Kanisa ndilo lililokuwa likishuka, pamoja na ngazi, na pini, na kiwanja chote cha nyuma. Pini na kiwanja vilikuwa kama abiria wawili katika gari moja, kila mmoja akimwona mwenzake ametulia tuli.

Hakumwambia Shangazi kitu, kwa kuwa hakuwa na hakika. Alimpigia simu Pascoe, mwenzake wa kazini, aliyekuwa ameleta hotelini chombo cha kupimia kwa setilaiti, kisichotegemea pini yoyote ya ardhini, ili akionyeshe kwa wageni. Alasiri nzima chombo kilisimama juu ya ile pini, nao wakakaa kando yake kwenye ngazi wakila mikate ya kukaanga aliyowaletea Shangazi. Aliwauliza kwa nini wanapima kanisa siku ya Bwana. Erana akamjibu kwamba anahakikisha jambo.

Jumatatu, wakati wa kifungua kinywa, Pascoe alimaliza hesabu na kuweka kikombe chini. Tangu ilipowekwa, pini ilikuwa imeshuka zaidi ya upana wa kiganja. Pascoe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa tahadhari. Alishauri Erana asome hotuba kama ilivyochapishwa, kisha wapime tena kwa utulivu na kutoa masahihisho baadaye.

"Kipimo cha alasiri moja hakitoshi kukanusha kazi ya miaka," alisema.

"Hakitoshi kukanusha," Erana alijibu. "Kinatosha kunizuia nisiape. Wale wazee wanatia saini leo, Pascoe. Masahihisho yako yatawakuta wamekwisha kuhamia."

"Watakucheka humo ndani."

"Wacheke. Kidole kinaniuma kuliko hicho kicheko."

Kabla ya kuingia alisimama peke yake kwenye baraza, akainamisha kichwa, akamwomba Mungu ampe neno la kweli, na kama hana neno la kweli ampe kunyamaza.

Kwa kuwa kidole kilikuwa kimevimba, hakuna kiatu kilichomwenea. Alipanda jukwaani na suti nzuri na kandambili. Shangazi Wikitoria, aliyekaa mstari wa mbele na kamati yake, alimnong'oneza jirani kwa sauti iliyofika hadi nyuma: "Daktari mzima na kandambili. Baba yake angekuwa hai angemrudisha nyumbani."

Erana alitazama kichwa cha mada kwenye ukuta, kisha akawatazama watu.

"Niliandika kwamba ardhi hii imetulia," alisema. "Naomba mlifute neno hilo. Kituo nilichoanzia vipimo vyangu chenyewe kinashuka, nami sikukikagua. Kiwanja cha nyuma ya kanisa kinashuka pamoja nacho, na kwa leo siwezi kumwambia mtu yeyote ajenge pale."

Msomi mmoja aliinuka akamuuliza, kwa upole wenye mwiba, vipimo hivyo vimekuwa na kosa kwa muda gani. Erana alijibu kuwa ni tangu siku ya kwanza alipoanzia pale. Kisha mama mmoja kutoka Indonesia, ambaye mji wake nao unazama, akauliza aligunduaje.

"Nilijikwaa," alisema Erana.

Watu wakaangua kicheko wakidhani ni mzaha. Akatoka nyuma ya meza, akauinua mguu kidogo, kitambaa cha Shangazi kikaonekana. Kicheko kikakatika. Wengine wakaanza kuandika. Huenda walikumbuka pini zao huko makwao. Shangazi Wikitoria hakucheka wala kuandika. Aliinuka, akatoka.

Wakati wa chai Erana alimkuta nje, akilitazama ziwa. Mjenzi alikuwa amekwisha kuondoka.

"Ungeniambia jana," alisema Shangazi.

"Jana sikuwa na hakika."

"Nilikuwa nimeshachagua mapazia."

Walisimama pamoja mpaka kengele ya kuwarudisha watu ukumbini ikalia.

"Haya, nenda," Shangazi alisema hatimaye, bila kumtazama. "Na utafute viatu. Watu wanakuona."

Walipima tena kwa miezi mingi, na jibu likawa lilelile. Shangazi alikaa vipindi viwili zaidi vya baridi katika nyumba yake inayovuja, na wapo waliomlaumu Erana kwa kila tone lililodondoka. Kisha, masika moja, kona ya kiwanja cha kanisa, pale penye ukuta, ilididimia asubuhi watu wakiwa makazini. Nguzo za uzio zikalala, na shimo la matope ya moto likaanza kutokota mahali ambapo ingekuwa sebule ya Shangazi. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiishi hapo.

Nyumba za wazee zilijengwa ng'ambo ya barabara, juu kilimani. Kutoka dirishani kwa Shangazi Wikitoria kaburi halionekani, ila paa la kanisa linaonekana. Siku Erana alipokwenda kumsaidia kutundika mapazia, Shangazi alimwangalia miguuni.

"Kidole kilipona?"

"Kilipona. Ukucha tu ndio uliota umepinda."

"Ukucha si kitu, mwanangu," alisema Shangazi, akimkabidhi pazia. "Ungejikwaa kule juu jukwaani, mimi ndiye ningekuwa ndani ya lile shimo."

Kweli wahenga hawakukosea: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.